Kwa Miguu kutoka Vuria hadi Latema

Ukitoka Voi kwenda Taveta kwa matatu, njia ni lami tupu, na dirishani huoni ila mkonge, vichaka na vilima vya hapa na pale. Kati ya Agosti 1914 na Machi 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilima hivyo ndivyo vilivyowatenganisha Waingereza na Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika. Wajerumani waliingia Taveta tarehe 15 Agosti 1914, vita vikiwa bado vichanga, wakaishika kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kipande cha Kenya ya leo kilikuwa chini ya bendera ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na wengi wetu tulimaliza shule bila kulisikia jambo hilo.

Nilitaka kuifuata njia ya vita vile kwa miguu, popote miguu inaporuhusiwa, nianzie milimani kwenye maji na kuishia mpakani. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu anayefundisha historia katika shule moja ya upili Mombasa, na mwenyeji wetu, kijana wa Bura anayeijua kila njia ya ng'ombe kati ya kwao na Maktau. Tulichagua mwezi wa Julai. Jua la nyika huwa limepungua makali, na nyasi zimelala kiasi cha kuonyesha kilicho chini yake.

Jumanne: Wundanyi na Vuria

Wundanyi kulipambazuka na ukungu. Sokoni akina mama walikuwa wanapakia kabeji na sukuma wiki kwenye lori la Mombasa, mikono ndani ya leso kwa baridi. Kabla ya kupanda mlima tulikwenda kumwamkia mzee mmoja wa ukoo, kwa sababu mwenyeji wetu alisema hatuwezi kupita karibu na pango la wazee bila kubisha hodi kwa walio hai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmetoka Mombasa kuja kutazama wafu?"

Mwalimu akamweleza tunakokwenda. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akachukua fimbo yake, akatangulia.

Zamani Wadawida, yaani Wataita wa milima hii, walimzika mtu, na baada ya muda kupita fuvu lake lilifukuliwa likapelekwa pangoni kukaa pamoja na mafuvu ya wakubwa wa ukoo. Ukame ukizidi au maradhi yakiingia, wazee walikwenda pale kuzungumza na waliotangulia. Pango tulilooneshwa ni mwamba uliojitokeza tu, kimo cha mtu aliyeinama. Mafuvu yamepangwa safu, uso nje, mengine yameota kuvu ya kijani upande unaoguswa na mvua, mengine meupe kama chokaa. Moja lilikuwa na jani kavu lililonasa kwenye tundu la jicho. Mzee aliliondoa kwa vidole viwili, taratibu, akalitupa pembeni. Mwalimu aliuliza kama anaweza kupiga picha.

"Picha hapana, mwanangu. Tazama kwa macho, yatosha. Hawa wana wenyewe."

Maneno hayo, "wana wenyewe", yalinifuata njia nzima hadi Taveta.

Vuria ndicho kilele cha juu kabisa cha milima ya Taita, mita 2,208. Njia inapanda katikati ya mashamba ya matuta, kisha mikaratusi, kisha kipande kidogo cha msitu wa asili, na juu kabisa ni minara ya mawasiliano na walinzi wake. Saa tano ukungu ulifunguka. Kusini-mashariki Kasigau ilisimama peke yake nyikani. Chini yetu mashamba ya mkonge ya Mwatate, safu kwa safu. Magharibi nyika yote ya Tsavo, rangi ya ngozi ya simba, bila mto hata mmoja unaoonekana, na mwisho wake, juu ya mawingu, theluji ya Kilimanjaro.

Nilikuwa nimesoma kuhusu vita hivi kwa ramani za majemadari, zenye mishale myekundu na ya buluu. Pale juu niliielewa ramani nyingine. Maji yako mahali pawili: huku milimani, ambako ukungu unadondoka kwenye majani mwaka mzima, na kule Taveta, kwenye mto Lumi na chemchemi zinazotoka chini ya Kilimanjaro. Katikati hakuna kitu. Mwingereza alikaa upande mmoja wa ukavu huo, Mjerumani upande wa pili. Yeyote aliyetaka kumfikia mwenzake alikuwa lazima avuke na maji yake, na maji hayatembei yenyewe.

Usiku tulikula kimanga, chakula cha Kitaita cha kuponda, nyumbani kwa shangazi wa mwenyeji wetu. Kilikuwa kizito na kitamu.

Jumatano: kuteremka Bura

Ni mteremko mkali wa kusini-magharibi, magoti yakilalamika, joto likipanda kila mita mia unazoshuka. Tulipita migomba, miwa, kisha ghafla miti ya miiba.

Bura kuna misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1892, kanisa la mawe na miti mikubwa yenye kivuli. Mfereji unapita karibu, watoto wakijaza madumu ya njano. Wakati wa vita maji haya yalikuwa uhai wa jeshi zima la Waingereza upande huu: yalitandaziwa bomba hadi kwenye kambi za nyikani, na bado hayakutosha. Tulijaza chupa zetu hapo, lita tano kila mtu, tukalala mapema.

Alhamisi: reli, Mwashoti na Maktau

Tulianza kabla ya jua. Kutoka Bura njia inashikana na reli ya Voi hadi Taveta, ambayo treni iliachana nayo miaka mingi. Mataruma ya chuma yapo bado, lakini migunga imeota katikati ya reli, na mahali pengine mbuzi wamefanya tuta kuwa njia yao ya kudumu. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya mkonge wala abiria. Waingereza waliianza Voi mwaka 1915 ili wapate kusukuma jeshi na maji kuelekea Taveta, na ilifika Maktau katikati ya mwaka huo. Baadaye ikaendelea hadi kuungana na reli ya Wajerumani upande wa Moshi. Huko nyuma Wajerumani nao walikuwa wanatuma vikosi vidogo kuvuka nyika usiku kwenda kulipua reli kubwa ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Watu hao walibeba baruti na maji tu. Waliokosa kurudi kwa wakati wengi wao waliuawa na kiu, si risasi.

Ngome ya Mwashoti iko kusini ya reli. Ni ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, uliozunguka eneo pana, na ndani yake misingi ya vyumba. Waingereza waliijenga kulinda njia ya kuelekea kwenye maji ya Bura. Mwalimu alipiga magoti kwenye tundu moja la kufyatulia bunduki akatazama nje. Tundu limeelekezwa Kasigau barabara.

Na Kasigau ina kisa chake, ambacho mwenyeji wetu alikisimulia tukiwa tumekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta ule. Mwaka 1915 Wajerumani waliivamia kambi ya Waingereza kule. Serikali ya kikoloni ikawashutumu wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia. Wakakusanywa, wazee kwa watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, nchi ya homa kwa watu waliozoea mlima. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi baada ya miaka mingi, wakakuta mashamba yamekuwa pori. Ninaliandika hili hapa kwa sababu katika vitabu vya kampeni ile Kasigau inatajwa kama kituo cha kijeshi tu. Ilikuwa kijiji cha watu.

Kutoka Mwashoti hadi Maktau jua lilitushika. Mizigo yetu ilikuwa kilo 12 hivi kila mmoja, pamoja na maji. Mzigo wa kawaida wa mchukuzi wa jeshi ulikuwa kama kilo 25, mbali na blanketi lake, sufuria yake na chakula chake. Saa saba mchana mwalimu, ambaye ni mtu wa maneno mengi, alikuwa hasemi kitu. Tulikuwa tunahesabu nguzo za umeme.

Maktau leo ni maduka machache, shule, na lango la Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Mwaka 1915 ilikuwa mji wa mahema. Vilima vyake vina maboma ya mawe ambayo bado unaweza kuyafuata kwa miguu, duara kwa duara, na Waingereza walirusha ndege kutoka hapa kwenda kuchungulia Wajerumani, wakati ambapo wenyeji wengi hawajawahi kuona hata gari. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alituambia kwamba watoto wakilima huokota maganda ya risasi, na wauza vyuma chakavu huyanunua kwa kilo pamoja na sufuria mbovu. Alituletea moja mkononi. Lilikuwa la shaba, limepauka kijani, mdomo umebanwa na kitu kizito. Nililigeuza upande wa kitako nikaona herufi zilizogongwa lakini hazisomeki tena. Nikamrudishia.

Kuna makaburi ya Wahindi Maktau, yametunzwa, yana ukuta mfupi na jiwe lenye majina ya askari wa Jeshi la India. Watu kutoka Punjab na Baluchistan walikuja kufa hapa kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Karibu na hapa pia, tarehe 3 Septemba 1915, alikufa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia. Alikuwa amejeruhiwa mguu na anabebwa kuondolewa, akasisitiza aachwe nyuma pamoja na majeruhi waliokuwa hawawezi kubebeka, akitumaini kuwaokoa. Alipewa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ujasiri ya Uingereza, baada ya kufa, na kaburi lake liko Voi. Ni ujasiri wa kweli na unastahili jiwe lake. Lakini niliuliza, na mwalimu naye akauliza, ni nani waliokuwa wanambeba. Hilo jiwe halisemi.

Ijumaa: Mbuyuni kwa gari, Salaita kwa miguu

Kutoka Maktau barabara inakata hifadhini, na kutembea kwa miguu hairuhusiwi. Ni haki: saa mbili asubuhi tulipishana na tembo saba wakivuka lami, wekundu kwa vumbi, mtoto mmoja akikimbia kushika mkia wa mamaye. Matatu ilizima injini ikangoja. Abiria wote walinyamaza, hata mtoto aliyekuwa analia.

Tulipita Mbuyuni bila kushuka. Hapo Waingereza walijaribu kusonga mbele tarehe 14 Julai 1915, chini ya Jenerali Malleson, wakapigwa na kurudi Maktau. Wajerumani waliondoka wenyewe Januari 1916, baada ya jeshi kubwa kuanza kuja kutoka Afrika Kusini. Katika eneo hili wenyeji watakuonyesha mbuyu wenye matundu na kukusimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake na kuwalenga Waingereza mmoja mmoja, kulipiza kisasi cha mumewe. Nimesikia kisa hicho kwa namna tatu tofauti, na nakichukulia kama hadithi. Mbuyu wenyewe ni mzuri.

Dereva alitushusha chini ya Salaita.

Mtu asiyejua angepita bila kugeuza shingo. Salaita ni kilima cha chini, kimeinuka kidogo tu juu ya nyika tambarare, kimefunikwa na vichaka na mawe meusi. Lakini kipo kando ya barabara kuu ya kuelekea Taveta, na ukisimama juu yake unaona kila kiumbe kinachosogea upande wa mashariki kwa kilomita nyingi. Wajerumani walikishika tangu mwanzo wa vita.

Tulikizunguka kwanza, kwa sababu siri ya Salaita iko chini, haiko juu. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, Malleson alileta karibu watu 6,000, wengi wao Waafrika Kusini weupe waliokuwa ndio kwanza wamefika. Majasusi walikuwa wamemwambia kwamba kilimani hamna watu zaidi ya 300. Kumbe walikuwa zaidi ya 1,000, chini ya Meja Georg Kraut. Mizinga ya Waingereza ikapiga kilele. Ilipiga vizuri, vumbi likapanda, na wote waliotazama kwa darubini waliamini hakuna aliyesalia. Lakini mahandaki ya kweli yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na vichaka, na yale ya juu yalikuwa ya kudanganyia macho. Waafrika Kusini walipokaribia katikati ya miiba, askari waliokuwa wanawangoja walikuwa hawajaguswa hata kidogo.

Handaki moja la chini bado lipo. Limejaa mchanga, linafika gotini, lakini ukingo wake wa mawe umebaki umepangwa vizuri. Niliingia nikachuchumaa. Kutoka mle ndani unaona mbele yako uwazi wa mita kama mia mbili, nyasi na miti ya miiba, halafu hakuna pa kujificha. Askari wa Wajerumani waliokaa hapa walikuwa Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema, watu wa bara ya Tanganyika, wachache mno wakiwa Wajerumani wenyewe. Mwalimu alisimama kule kwenye nyasi, akanyoosha mkono akauliza kama ninamwona. Nilimwona vizuri mno.

Waafrika Kusini walivunjika wakarudi mbio, wakapoteza zaidi ya 130 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliosimama katikati kuzuia Wajerumani wasiwamalize walikuwa kikosi cha 130 cha Wabaluchi wa Jeshi la India, wale wale ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliziokota bunduki za rashasha zilizotupwa na wenzao wakati wa kukimbia, wakazirudisha pamoja na ujumbe wa salamu na ombi moja: msituite tena makuli. Mwenyeji wetu alicheka kwa furaha aliposikia hivyo, akataka arudiwe kisa kizima.

Juu ya kilele upepo ulikuwa mkali. Hakuna chemchemi Salaita. Maji ya wale watu zaidi ya 1,000 yalitoka Taveta, kilomita kama 12, na yaliletwa kwa vichwa na migongo. Fikiria: kila siku, miezi kwa miezi, misafara inatoka Lumi na maji, inafika, inamwaga, inarudi. Upande wa pili Waingereza wanafanya vivyo hivyo kutoka Bura. Tulikunywa lita ya mwisho pale juu, maji ya moto yenye ladha ya plastiki, tukateremka tukaanza kutembea kuelekea Taveta. Njia nzima ilikuwa ndiyo njia yao.

Mwendo ule ulituchukua saa tatu na kidogo. Ulipokaribia mwisho, hewa ilibadilika kabla ya macho kuona chochote, ikawa nyevu, ina harufu ya matope na migomba. Kisha mifereji. Tulipofika mtoni Lumi mwalimu alivua viatu akaingia na suruali yake.

Jumamosi: Taveta

Ni siku ya soko. Soko la Taveta huwa Jumatano na Jumamosi, na watu huvuka kutoka Holili na Himo kuja kuuza vitunguu, mchele, ndizi za kila aina, viatu, magodoro. Kiswahili cha pande mbili kinachanganyika hapo bila mtu kujali. Tuliamka tukala chapati na maharagwe kwenye kibanda kilichojaa wachuuzi, kisha tukaenda makaburini.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta yamenyooka sana. Nyasi zimekatwa, mawe meupe yamepangwa, kila jiwe lina jina, cheo, kikosi na tarehe. Tarehe zinajirudia: 12 Februari 1916, hao ni wa Salaita, 11 na 12 Machi 1916, hao ni wa Latema. Vijana wa miaka 19, 20, 22. Wajerumani nao wana mahali pao mjini. Mtunzaji wa makaburi, mtu mpole mwenye mkasi mkubwa wa bustani, alituambia kwamba wageni huja kutoka Afrika Kusini na Uingereza wakiwa na jina mkononi, wanatafuta jiwe, wanalia.

"Na wachukuzi?" mwenyeji wetu akauliza.

Mtunzaji akaonyesha kwa mkono, si makaburini, ila kuelekea mashambani. "Hao wako kote."

Sheria ya mwaka 1915 iliwapa maafisa wa kikoloni uwezo wa kuwachukua watu kwa nguvu kuwa wachukuzi, na mwaka 1917 vijiji vingine vilimalizwa wanaume. Upande wa Waingereza peke yake walipita watu karibu milioni moja katika kazi hiyo kwa muda wa vita, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, Kongo. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 40,000. Wanahistoria wengi wanaamini walifika karibu 100,000. Wachache waliuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara, malaria, baridi na njaa. Walipewa unga wa mahindi wakaambiwa wapike, wengine wakitoka nchi za ndizi au mtama, bila kuni za kutosha wala muda, na uji ule uliokuwa haujaiva ukawapasua matumbo. Mishahara ya maelfu waliokufa haikufika kwa warithi wao kamwe.

Kule Nairobi, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, iko sanamu ya watu watatu iliyowekwa baada ya vita, na maandishi yake yanawataja wachukuzi kama miguu na mikono ya jeshi, yakiahidi kwamba atakayekufa kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba kwa Waafrika iliacha kwa makusudi kufanya kile ilichowafanyia Wazungu, na kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Nilikaa kwenye benchi la makaburi nikamfikiria yule mzee wa Wundanyi akiondoa jani kwenye jicho la babu yake. Ukoo ule unajua kila fuvu ni la nani. Ni watu hao hao, wa milima hiyo hiyo, waliochukuliwa kwenda kubeba maji. Aliyefia Kahe au Rufiji hakurudishwa pangoni. Kwao lilibaki pengo katika safu, na naamini wazee waliliona pengo hilo kila walipoingia.

Alasiri tulirudi sokoni. Nilinunua mkungu mdogo wa ndizi za kisukari, tukaumaliza kabla ya magharibi.

Jumapili: Latema na Reata

Asubuhi bodaboda zilitupeleka magharibi ya mji hadi barabara inapoanza kupanda. Latema upande wa kaskazini, Reata upande wa kusini, na kati yao koo nyembamba ambayo lazima upite ukielekea Kahe na Moshi. Upande wa pili ni Tanzania. Tulimchukua mchungaji mmoja wa mbuzi atuongoze, kwa sababu vichaka vya Latema ni vya kukatisha tamaa: miiba iliyopinda nyuma, mawe yanayotingishika, nyasi zinazofika kifuani.

Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuwa amefika mwezi Februari kuchukua uongozi. Hakurudia kosa la Salaita. Alipeleka wapanda farasi wa Jenerali Van Deventer wazunguke kwa kaskazini, upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana. Wakasimama hapa. Tarehe 11 Machi 1916 Malleson alianza shambulio, mchana akajiondoa kwa kusema ni mgonjwa, na Jenerali Tighe akashika mahali pake. Waliotangulizwa mchana kweupe kupanda miteremko hii walikuwa Wabaluchi, Warodesia na kikosi cha tatu cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na kamanda wa kikosi hicho, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Usiku wakaletwa Waafrika Kusini, wakapanda gizani kwa singe. Vikosi vilipotezana. Kabla ya alfajiri Smuts aliamini shambulio limeshindwa akaamuru watu warudi nyuma, kisha kulipokucha ikaonekana kwamba vikundi viwili vidogo vilikuwa vimefika juu usiku ule, vikabaki hapo hapo, na Wajerumani walikuwa wameanza kuondoka kwa kuogopa kuzungukwa. Walikufa na kujeruhiwa watu karibu 270 wa upande wa Waingereza.

Sisi tulipanda Latema kwa mwanga wa saa tatu asubuhi, bila mtu wa kutupiga, na ilituchukua muda mrefu mno. Mikono ilitoka damu. Karibu na juu mchungaji alitusimamisha akaonyesha vijiboma vya mawe, kila kimoja cha kutosha mtu mmoja aliyelala kifudifudi. Viko vingi, vimesambaa bila mpango, kama watu walivyojirundikia mawe usiku kwa mikono mitupu pale pale walipoangukia. Nilijaribu kuinua jiwe moja la ukingo. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, na chini yake kulikuwa na nge.

Mchungaji aliuliza tunatafuta nini hasa, kwa maana wageni wengine huja na vyombo vya kutafuta chuma. Mwalimu alimwambia tunatazama tu. Akasema babu ya babu yake alichukuliwa kubeba mizigo akiwa ameoa mwezi uleule, akaenda na jeshi hadi ng'ambo, na hakurudi. Mkewe alingoja, kisha akaolewa na ndugu yake mdogo, na ukoo wao wote umetoka kwa huyo ndugu. Jina la aliyepotea analijua. Alilitaja, na mwalimu akaomba ruhusa ya kuliandika katika daftari lake pamoja na jina la kijiji. Mchungaji akasubiri hadi liandikwe, akalitazama, akasahihisha herufi moja.

Tuliteremka kwenye koo kabla ya adhuhuri. Mwalimu ana mpango wa kuwatuma wanafunzi wake wa kidato cha tatu wakaulize nyumbani, kila mmoja kwa babu na nyanya yake, nani alikwenda na nani hakurudi, na kuanza orodha. Mwenyeji wetu ameahidi kufanya hivyo Bura na Mwashoti. Mimi nitakwenda Kasigau mwezi wa Septemba, kwa ajili ya wale wa Malindi.